Namna ya kusoma takwimu za vifo kwa umri na chanzo: mwongozo kwa msomaji wa Zanzibar

Tuseme umeletewa jedwali. Juu limeandikwa "Vifo kwa umri, jinsi na chanzo, Mkoa wa Mjini Magharibi". Chini yake zimepangwa namba, safu kwa safu, na mhariri, mwalimu au diwani anataka jibu kabla ya magharibi: maradhi gani yanaua zaidi? Njia ya mkato ni kuitafuta namba iliyo kubwa kuliko zote na kuiandika. Namba hiyo inaweza kuwa imehesabiwa vizuri na bado ikakupoteza.

Mwongozo huu ni kwa mwandishi wa habari, mwanafunzi, sheha, mjumbe wa kamati ya afya na mtu yeyote anayetaka kuzisoma namba hizi bila kupotea. Hesabu iliyomo ni ya skuli ya msingi. Ugumu uko kwenye maswali matatu ambayo watu huyaruka: marehemu hawa ni wa kundi gani la watu, walikuwa na umri gani, na ni nani aliyeandika chanzo cha kifo chao.

Anza kwa kuuliza jedwali limetoka wapi

Kabla hujasoma namba hata moja, tafuta mstari mdogo wa chini unaotaja chimbuko la takwimu. Kwa Zanzibar kuna machimbuko makuu manne, na kila moja linaona vifo tofauti.

La kwanza ni usajili wa vifo. Hivi sasa kazi hii iko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, uliotokana na Sheria Namba 3 ya 2018. Kwa Bara ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Usajili ndio msingi unaotakiwa na kila nchi, kwa sababu unaandika kifo kimoja kimoja, mwaka hadi mwaka. Lakini jiulize nani husajiliwa. Huku kwetu maiti haikai. Mtu akifariki nyumbani Micheweni alfajiri, alasiri ameshazikwa. Baada ya hapo familia hukifuatilia cheti pale tu kinapohitajika: mirathi kwa Kadhi, mafao ya kazini, akaunti ya benki, shamba linalogombaniwa. Kwa hiyo mwanamume mwenye mali au ajira ana nafasi kubwa ya kuonekana kwenye daftari kuliko mtoto aliyefariki siku ya tatu, au bibi kizee asiye na urithi wa kugawa. Watu wanaopungua kwenye daftari si wa kubahatisha; ni wa aina fulani, na picha nzima huinama upande wa wale wengine.

La pili ni hospitali. Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee ya Mkoani, Chake Chake, Wete na nyenginezo hupeleka taarifa zao Wizara ya Afya. Hapa chanzo cha kifo huwa kimeandikwa na daktari, na hiyo ni faida kubwa. Hasara yake ni kwamba takwimu za hospitali ni kama dema: zinaonesha walioingia, si waliomo baharini. Aliyefia nyumbani hayumo. Tena wagonjwa mahututi wa Unguja yote, na wengine wa kutoka Pemba, huletwa mjini. Ukihesabu vifo kwa mahali vilipotokea, Wilaya ya Mjini itaonekana imejaa makaburi, na Kusini Unguja itaonekana pepo. Tafuta kama jedwali linahesabu kwa mahali pa kufia au kwa makaazi ya marehemu. Kama halisemi, usilinganishe wilaya na wilaya.

La tatu ni sensa na tafiti za kaya. Sensa ya 2022, ambayo usiku wake ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti, iliuliza kaya kama kuna aliyefariki katika miezi 12 iliyopita. Tafiti za afya ya uzazi na mtoto huwauliza kina mama kuhusu watoto waliowazaa, wazima na waliokufa, na huuliza watu kuhusu ndugu zao wa kike. Uzuri wake ni kwamba zinawafikia hata wasiofika hospitali. Udhaifu ni kumbukumbu. Kifo cha miezi kumi na minne iliyopita huingizwa ndani ya mwaka, na mtu aliyeishi peke yake akifa, kaya yake hufa naye, hakuna wa kumtaja.

La nne ni makadirio ya kimahesabu ya mashirika ya kimataifa kama Shirika la Afya Duniani. Haya hujaza mapengo kwa kutumia taarifa za nchi nyengine na kanuni za takwimu. Yana kazi yake, lakini namba iliyokadiriwa haina orodha ya majina nyuma yake, na mara nyingi Tanzania huhesabiwa kwa pamoja, Zanzibar haitengwi.

Ili uone tofauti inavyoweza kuwa kubwa: utafiti wa kaya wa Tanzania wa 2022 ulitoa vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, yaani watoto waliozaliwa wakiwa hai. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Nchi ni ile ile na miaka imekaribiana. Anayenukuu moja bila kutaja chimbuko lake amechagua upande, awe amejua au hakujua.

Tafuta namba ya chini

Vifo 300 ni vingi au vichache? Haijulikani mpaka ujue vimetoka kwa watu wangapi. Hiyo ndiyo namba ya chini, ya kugawia. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 893,169 katika sensa ya 2022. Kusini Unguja 195,873. Kaskazini Unguja walikuwa 257,290, Kaskazini Pemba 272,091 na Kusini Pemba 271,350. Zanzibar nzima ilikuwa na watu 1,889,773. Weka namba hizi karibu yako, utazihitaji kila siku.

Gawa vifo vya mwaka kwa idadi ya watu, zidisha kwa 1,000. Hicho ndicho kiwango ghafi cha vifo. Kama mwaka si wa sensa, tumia makadirio ya idadi ya watu yanayotolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, usitumie sensa ya zamani. Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569 mwaka 2012. Ukigawa vifo vya 2021 kwa watu wa 2012, utapata kiwango kilichovimba kwa zaidi ya theluthi moja, na utaandika habari ya balaa ambalo halipo.

Angalizo: vifo vya watoto wachanga na vifo vya uzazi havigawiwi kwa idadi ya watu. Hugawiwa kwa vizazi hai. Mtoto aliyezaliwa mfu hamo juu wala chini. Ana hesabu yake mwenyewe.

Pima ukamilifu

Hatua hii inachukua dakika tano na wengi hawaifanyi. Kiwango ghafi cha vifo kwa Tanzania, kwa makadirio ya kimataifa ya miaka ya karibuni, kinazunguka 6 kwa kila watu 1,000. Chukua Kusini Pemba: watu 271,350 mara 6, gawa kwa 1,000, utapata kama vifo 1,630 kwa mwaka. Sasa tuseme, kwa mfano tu, daftari lina vifo 700. Hiyo ni kama asilimia 43 ya vilivyotarajiwa. Makisio haya ni ya mkono, si ya kitaalamu, lakini yanatosha kukuambia kwamba unasoma sehemu ya habari.

Kiwango cha 1 au 2 kwa 1,000 kipo kweli duniani, kwa mfano Qatar, ambako wakaazi wengi ni wafanyakazi vijana kutoka nje. Ukikiona kwa wilaya ya Zanzibar, jua kwamba vifo havikuandikwa.

Matokeo yake mabaya zaidi hutokea pale usajili unapoimarika. Wakala ukisogeza huduma karibu na watu, vifo vilivyosajiliwa hupanda, na jedwali huonekana kama watu wameanza kufa kwa wingi. Kabla ya kuandika "vifo vyaongezeka", uliza kama vilivyoongezeka ni vifo au ni karatasi.

Usilinganishe sehemu mbili bila kusawazisha umri

Hapa ndipo kiini cha kazi kilipo, kwa hiyo tutulie kidogo.

Japani ni moja ya nchi ambazo watu wake huishi muda mrefu zaidi, lakini kiwango chake ghafi cha vifo siku hizi kinapita 12 kwa kila watu 1,000, mara mbili ya Tanzania. Wajapani hawaumwi kuliko sisi. Ni wazee wengi, na wazee hufa zaidi kuliko vijana kila mahali. Jambo hilo hilo hutokea ndani ya visiwa vyetu. Vijana wanahamia mjini kutafuta kazi, kijijini wanabaki wazazi, na kiwango cha vifo cha kijijini kinapanda bila ya maradhi yoyote mapya.

Tazama mfano huu wa kubuni wa wilaya mbili, kila moja na watu 100,000:

| Umri | Wilaya ya kwanza: watu | Vifo | Kwa 1,000 | Wilaya ya pili: watu | Vifo | Kwa 1,000 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 0–14 | 40,000 | 160 | 4.0 | 38,000 | 133 | 3.5 |
| 15–59 | 55,000 | 165 | 3.0 | 50,000 | 140 | 2.8 |
| 60+ | 5,000 | 200 | 40.0 | 12,000 | 432 | 36.0 |
| Jumla | 100,000 | 525 | 5.25 | 100,000 | 705 | 7.05 |

Ukisoma mstari wa jumla, wilaya ya pili ni ya khatari. Ukisoma mistari mitatu ya juu, wilaya ya pili ni salama zaidi kwa watoto, kwa watu wazima na kwa wazee. Kila rika lina kiwango cha chini zaidi cha vifo huko, na bado jumla ni kubwa. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Ni wazee 12,000 dhidi ya 5,000.

Dawa yake ni kuzipa wilaya zote mbili umma mmoja wa kufikirika. Chagua mgawanyo wa umri, mathalani watoto 40,000, watu wazima 53,000, wazee 7,000. Chukua kiwango cha kila rika cha wilaya ya kwanza ukizidishe kwa umma huu: 160, 159 na 280, jumla vifo 599. Fanya hivyo hivyo kwa ya pili: 140, kama 148, na 252, jumla kama vifo 540. Kwa hiyo viwango vilivyosawazishwa ni 5.99 na 5.40 kwa 1,000. Sura imegeuka.

Kiwango kilichosawazishwa hakina maana kikiwa peke yake. Hakuna mahali ambapo watu 5.40 kwa 1,000 wamekufa kweli. Ni chombo cha kulinganishia tu, na viwango viwili hulinganishwa pale tu viliposawazishwa kwa umma mmoja. Shirika la Afya Duniani lina mgawanyo wake wa kawaida kwa ajili ya nchi zote. Kwa kulinganisha wilaya zetu sisi kwa sisi, umri wa Zanzibar wa sensa ya 2022 unafaa zaidi.

Katika majedwali halisi, makundi ya umri huwa membamba: chini ya mwaka mmoja, 1–4, kisha mitano mitano hadi 80 au 85 na kuendelea. Angalia kama kuna vilima kwenye umri unaoishia na 0 au 5. Vilima hivyo hutokana na jamaa kukisia. "Alizaliwa Mapinduzi" inaweza kuwa Januari 1964 kweli, au miaka mitatu mbele au nyuma. Kadiri marehemu alivyokuwa mzee, ndivyo umri wake unavyopaswa kuchukuliwa kwa tahadhari. Ndiyo sababu watakwimu huwaunganisha wazee wote kwenye kundi moja la mwisho.

Soma umri wa utotoni kwa vipande

Hakuna mahali ambapo kugawa umri kunalipa kama miaka mitano ya mwanzo. Utafiti wa kaya wa 2015–16 kwa Tanzania ulionesha vifo 67 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000. Mwaka 2022 vilikuwa 43. Habari njema, na ilisherehekewa ipasavyo.

Lakini fungua ndani. Vifo vya chini ya mwaka mmoja vilishuka kutoka 43 hadi 33. Vifo vya siku 28 za mwanzo vilitoka 25 hadi 24. Yaani mwezi wa kwanza wa maisha haukusogea takriban kabisa. Karibu kushuka kote kumetokea baada ya hapo. Mwaka 2022 zaidi ya nusu ya vifo vya chini ya miaka mitano vilikuwa vya mwezi wa kwanza. Chanjo, vyandarua, maji safi na maji ya chumvi-sukari kwa mtoto anayeharisha vimefanya kazi yao kwa watoto wakubwa kidogo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, au aliyechelewa kuvuta pumzi, anahitaji mkunga mwenye ujuzi, joto na oksijeni, na vitu hivyo havigawiwi kwenye kampeni. Mwandishi aliyenukuu 67 na 43 peke yake hakuiona habari yenyewe.

Namba hizo ni za nchi nzima. Kwa Zanzibar na mikoa yake mitano sampuli ni ndogo zaidi, kwa hiyo tafuta kando ya kila makadirio mpaka wa chini na wa juu. Kama mikoa miwili ina mipaka inayoingiliana sana, usiipange nafasi ya kwanza na ya pili.

Jua chanzo cha kifo huandikwaje

Watu hudhani chanzo cha kifo ni kitu kilichopimwa, kama uzito. Kwa kweli ni maoni ya mtu, yameandikwa kwa kalamu, mara nyingi usiku, kwenye fomu.

Fomu ya kimataifa ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mnyororo: mstari wa juu ni hali iliyomuua moja kwa moja, wa chini yake ni kilichosababisha hali hiyo, na kuendelea chini hadi kilichoanzisha yote. Sehemu ya pili ni maradhi mengine yaliyochangia bila kuwa kwenye mnyororo. Takwimu za taifa huhesabu kimoja tu kwa kila marehemu: chanzo cha msingi, yaani kilichoanzisha mnyororo. Sababu ni ya kikazi. Ukitaka kuzuia vifo, ukate mnyororo mwanzoni.

Chukua bibi wa miaka 68. Ameishi na presha miaka mingi, akapata kiharusi, akalala kitandani miezi miwili, akashikwa na nimonia, akafariki. Daktari mzuri ataandika: (a) nimonia, (b) kiharusi, (c) shinikizo la damu. Jedwali litamuweka wapi? Si kwenye nimonia, ingawa ndiyo aliyokufa nayo. Na hapa hata wahudumu wa afya hushangaa: si kwenye shinikizo la damu pia. Kanuni za Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, zinataka presha ikitajwa pamoja na kiharusi, kifo kiende kwenye kiharusi. Kwa hiyo ukisoma mstari wa "shinikizo la damu" peke yake, unasoma sehemu ndogo tu ya madhara ya presha. Mengine yamo kwenye kiharusi na moyo.

Sasa msimu wa karafuu. Mchumaji ameanguka kutoka mkarafuu, fuvu limevunjika, damu imevujia kwenye ubongo. Ikiandikwa "kuvuja damu ubongoni" na kuishia hapo, kifo hiki kinaweza kuhesabiwa pamoja na viharusi. Ikiandikwa hadi mstari wa mwisho, "ameanguka kutoka mtini", kinaingia kwenye msimbo (alama ya chanzo katika uainishaji huo) W14, ambao ni wa kuanguka kutoka mtini hasa. Uainishaji una nafasi hiyo. Kinachokosekana ni mstari mmoja wa kalamu. Bodaboda ni vivyo hivyo: "jeraha la kichwa" bila kutaja ajali huifanya barabara ionekane salama.

Yapo maandishi ambayo hayamsaidii mtu: "moyo kusimama", "kushindwa kupumua", "uzee", "homa", "maradhi ya muda mrefu". Kila anayekufa moyo wake husimama. Katika toleo la 10, misimbo inayoanza na herufi R ni ya dalili na hali zisizoeleweka, R54 ni uzee na R99 ni chanzo kisichojulikana. Watakwimu huiita takataka, kwa ukali kidogo, kwa sababu anayeiandika mara nyingi amepewa maiti na jamaa wanaosubiri kwenda kuzika. Jumlisha vifo vya aina hii, gawa kwa vifo vyote. Ikifika robo ya vifo vyote, mpangilio uliobaki wa maradhi kumi yanayoongoza usiupe uzito mkubwa, kwa kuwa hiyo robo ikifunuliwa inaweza kuyapanga upya yote.

Kwa waliofia nyumbani kuna njia ya mahojiano: mtu aliyefunzwa huenda kwa familia, baada ya siku za msiba kupita, na kuuliza dalili moja moja. Alikohoa kwa muda gani? Miguu ilivimba? Alikuwa na mimba? Majibu hupelekwa kwa madaktari au kwenye programu ya kompyuta inayokisia chanzo. Maeneo kama Rufiji na Ifakara upande wa Bara yametumia njia hii kwa miaka mingi. Inatambua vizuri ajali, kuzama na vifo vya uzazi. Kwa saratani za ndani ya mwili na maradhi ya moyo inababaisha.

Toleo la 11 la uainishaji lilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na nchi zinahamia kwa kasi tofauti. Ukiona maradhi fulani yameruka ghafla mwaka ambao nchi imebadilisha toleo, tazama misimbo kwanza.

Asilimia si kiwango

Malaria Zanzibar imeshuka hadi maambukizi kuwa chini ya asilimia 1, na hili ni jambo ambalo kizazi cha wazazi wetu kisingeliamini. Lakini angalia linavyofanya kwenye asilimia. Tuseme hospitali ya kufikirika ilikuwa na vifo 1,000: malaria 200, kiharusi 100, mengineyo 700. Baada ya miaka, malaria 20, kiharusi 100 vile vile, mengineyo 700. Jumla ni 820. Sehemu ya kiharusi imetoka asilimia 10 hadi 12.2. Kiharusi hakijaua mtu hata mmoja zaidi, ila kichwa cha habari kitasema kinapanda. Ukiona asilimia, dai kiwango kwa watu 100,000, na kwa rika.

Asilimia pia huficha umri. Mtu wa miaka 15 akizama Nungwi na mzee wa miaka 70 akifa kwa kiharusi ni vifo viwili sawa kwenye jumla. Ukitaka kupima uzito wa kufa mapema, weka mpaka, kwa mfano miaka 75, na uhesabu miaka iliyopotea. Vijana kumi wa miaka 20 waliozama wamepoteza miaka 550. Wazee thelathini wa miaka 70 waliokufa kwa kiharusi wamepoteza 150. Siwaambii wapangaji wa bajeti wawasahau wazee. Nawaambia wasome safu zote mbili.

Namba ndogo hurukaruka

Visiwa vyetu ni vidogo, na hili ndilo kosa linaloandikwa kuliko yote. Wilaya ilikuwa na vifo vya uzazi 4 mwaka jana, mwaka huu 8. "Vimeongezeka mara mbili!" Kuna kanuni ya haraka: chukua kipeuo cha pili cha idadi ya vifo, zidisha mara mbili, toa na ujumlishe. Kwa vifo 4, kipeuo ni 2, mara mbili ni 4, kwa hiyo bahati peke yake ingeweza kuleta chochote kati ya 0 na 8. Kwa vifo 100 ni kati ya 80 na 120. Kwa 400 ni kati ya 360 na 440. Vifo vikiwa chini ya 20, jumlisha miaka mitatu au mitano pamoja kabla ya kusema neno. Kila mmoja wa akina mama hao wanane anastahili kuchunguzwa kifo chake, na uchunguzi huo hausubiri takwimu. Ni mwelekeo ndio usiotangazwa kwa namba kama hizo.

Kuhusu maana yenyewe: kifo cha uzazi ni cha mama mjamzito au aliye ndani ya siku 42 tangu mimba kwisha, kwa sababu inayohusiana na mimba. Ajali ya gari haimo. Sensa huuliza kwa upana zaidi, kwa hiyo namba zake zinaweza kubeba na ajali.

Kuna pia mwaka usio wa kawaida. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Siku za mwanzo zilitajwa maiti karibu 200. Ripoti ya tume baadaye ilizungumzia watu zaidi ya 1,500 waliokufa au kupotea. Wengi hawakuonekana, na asiyeonekana hana daktari wa kumjazia fomu. Msimbo wa ajali ya chombo cha majini inayoishia kwa kuzama ni V90. Wale ambao hawakuandikwa hawana msimbo. Ukichora mstari wa vifo vya kuzama kwa miaka kumi, mwaka huo ama utapasua karatasi, ama hautaonekana, kulingana na daftari ulilotumia. Uoneshe, uueleze pembeni, na uhesabu mwelekeo ukiwa nao na bila yake.

Umri wa kuishi, kwa ufupi

Wastani wa umri wa kuishi ukiwa 66 haimaanishi mtu wa miaka 66 amefika mwisho. Hukokotolewa kwa kuchukua viwango vya vifo vya kila rika vya mwaka mmoja na kumpitisha humo mtoto wa kufikirika tangu kuzaliwa. Vifo vya utotoni huushusha sana. Aliyekwisha kufika 60 ana umri wake wa kutarajia, nao uko safu nyengine ya jedwali.

Andika sentensi inayosimama

Ukishamaliza, iandike namba yako ikiwa na vitu sita: chimbuko, mahali, mwaka, rika, namba ya chini na namna chanzo kilivyothibitishwa. Badala ya "Kiharusi chaongoza kwa kuua Pemba", andika hivi: "Kati ya vifo vya watu wa miaka 45 na zaidi vilivyotokea katika hospitali za Pemba mwaka huo, kiharusi ndicho chanzo cha msingi kilichoandikwa na madaktari mara nyingi zaidi, waliofia nyumbani hawamo, na vifo visivyo na chanzo maalumu vimetengwa."

Sentensi hiyo ni ndefu, na mhariri atataka kuikata. Mwachie akate maneno mengine, lakini "katika hospitali", "waliofia nyumbani hawamo" na umri vibaki. Akikataa, mpelekee jedwali lenyewe na umuombe aoneshe safu inayothibitisha kichwa chake cha habari.